Kuloweka, Kuchemsha au Kusinga? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Nyuzi za Mgomba Moshi na Arusha

Majibu haya ni ya vikundi na watu binafsi wanaotaka kutoa nyuzi kwenye mashina ya migomba baada ya mkungu kukatwa. Wengi huanza baada ya kuona video za Ulaya au Asia, mimea mirefu ikilazwa shambani au kuzamishwa kwenye mabwawa, na swali lao la kwanza huwa: tuloweke siku ngapi? Kwa mgomba, swali hilo linakuja mapema mno, na utaona sababu hapa chini.

Kuloweka kunafanya nini hasa?

Ndani ya mmea, nyuzi zimegandishwa pamoja kwa gundi ya asili iitwayo pektini. Ukiuacha mmea kwenye unyevu, bakteria na kuvu huanza kuila gundi hiyo, na nyuzi zinaachia. Aliyewahi kumenya kahawa kwa mashine ya mkono analijua jambo hili hata kama hakuliita hivyo. Ule ute unaoteleza juu ya buni nao una pektini, nasi huuacha kwenye tangi uchache mpaka uoshike. Buni ikikaa kupita kiasi inanuka, na mnunuzi anaijua kwa kuionja. Uzi nao una saa yake, ila ya kwake huhesabiwa kwa siku au wiki.

Hatari iko baada ya gundi kwisha. Vijidudu havijui kwamba kazi imekamilika. Vinaendelea na selulosi, yaani mwili wenyewe wa uzi. Ukitoa mapema, uzi unabaki mgumu, umeshikana na vipande vya nyama ya mmea. Ukichelewa, unakuwa laini na mzuri kwa macho, lakini ukiuvuta unakatika.

Video nyingi ni za bangi ya nyuzi, kitani na juti (mmea wa nyuzi za magunia). Zinahusu mgomba?

Kwa sehemu tu. Mimea hiyo mitatu ina nyuzi kwenye gamba la nje, zimeng'ang'ania kijiti cha katikati. Bila kuloweka, kuzitenganisha na kile kijiti ni kazi ngumu, na zinatoka na mabaki mengi.

Mgomba hauna kijiti. Shina lake ni magome ya majani yaliyokumbatiana, yamejaa maji, na nyuzi zimepita ndani ya nyama laini. Kwa hilo uko karibu zaidi na mkonge, na mkonge hauloweshwi. Jani linapelekwa kwenye mashine likiwa bichi, nyama inapondwa na kuoshwa, singa, yaani nyuzi, zinabaki. Abaka wa Ufilipino, ambaye ni ndugu wa damu wa mgomba wetu, naye hutolewa nyuzi kwa kuvutwa kwenye kisu au kwa mashine, bila bwawa.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: mgomba usingwe kwanza ukiwa mbichi, yaani nyama iondolewe kwa kisu au mashine nyuzi zibaki, na maji yaje baadaye kama matengenezo. Kuloweka moja kwa moja ni njia ya asiye na namna nyingine.

Njia za kuloweka zinatofautianaje kwa ubora?

Tuanze na umande, kwa sababu ndiyo njia inayotumika zaidi Ulaya kwa bangi ya nyuzi na kitani. Mashina yanakatwa na kulazwa shambani wiki tatu hadi sita, yanageuzwa, na kuvu zinafanya kazi kwa unyevu wa usiku. Ni rahisi, haichafui mto. Lakini mkulima yuko mikononi mwa hali ya hewa: kukiwa kikavu, kuvu wanalala, mvua ikizidi, uzi unaoza. Rangi ni ya kijivu au kahawia, na upande uliogusa ardhi huwa tofauti na uliotazama jua. Ndani ya mzigo mmoja unaweza kukuta uzi wa madaraja matatu.

Kuzamisha kwenye maji kunatoa uzi mweupe zaidi, mwembamba zaidi na wa namna moja. Kazi inachukua kama wiki moja hadi mbili, kutegemea joto. Italia ilipata sifa ya bangi ya nyuzi bora kwa njia hii, na mabwawa yao yalichimbwa mashambani hasa kwa kazi hiyo. Ubelgiji walizamisha kitani kwenye mto Lys, karibu na Kortrijk, na maji yake yalisifiwa kwa kitani safi. Uvundo na uchafu vilizidi, na mwaka 1943 kuzamisha mtoni kukapigwa marufuku. Bangladeshi na Bengali Magharibi bado wanazamisha juti kwenye madimbwi na mifereji hadi leo.

Tangi la maji ya uvuguvugu, nyuzi joto 30 hadi 37, linafupisha kazi hiyo kuwa siku chache, na unaweza kusimamisha unapotaka. Vimeng'enya vya kununua, vinavyoivunja ile gundi, hufanya kazi kwa saa badala ya siku na uzi unatoka sawasawa, tatizo ni bei. Halafu kuna dawa za alkali, tutazifikia kwenye magadi.

Kuna viwanda vya Ulaya vinavyotengeneza matandiko ya kuzuia joto kwenye kuta za nyumba, na vingine huchukua bangi ya nyuzi isiyoloweshwa kabisa au iliyoloweshwa kidogo. Uzi mgumu wenye uchafu kidogo unawatosha. Ubora unapimwa kwa kazi inayokusudiwa. Anayesuka mkeka na anayetaka kusokota uzi wa kitambaa hawatafuti kitu kimoja.

Naweza kulaza magome ya mgomba kwenye nyasi yapate umande?

Hapana. Shina la mgomba ni zaidi ya asilimia 90 maji. Kwenye ukungu wa Juni na Julai litapata madoa meusi ya kuvu kabla gundi haijalegea, na wakati wa kiangazi litakauka na nyama yake, baada ya hapo hata mashine haiifungui vizuri.

Sina mashine, nina mapipa tu. Nianze vipi?

Kata shina siku ileile mkungu unapokatwa, au kesho yake. Bandua magome moja moja. La nje kabisa, lile lililokauka na kuwa na rangi ya kahawia, weka kando kwa kazi za mapambo. Yale ya katikati ndiyo yenye uzi mrefu na imara. Ya ndani kabisa yana uzi mweupe na mwembamba lakini dhaifu, na moyo wa shina mpe ng'ombe.

Chana kila gome kuwa mikanda ya upana wa vidole viwili au vitatu. Usiruke hatua hii. Wakulima wa juti sehemu zenye maji machache huchuna gamba na kuloweka mikanda peke yake badala ya shina zima, kwa sababu inataka maji kidogo na inaiva mapema. Kisha pitisha ubapa wa kisu butu juu ya mkanda ukiwa kwenye ubao, ukamue nyama kiasi unachoweza. Kila nyama unayoitoa kwa mkono ni chakula ulichowanyima bakteria, na uvundo uliouepuka.

Weka mikanda kwenye pipa la plastiki, maji yawe angalau mara kumi ya uzito wake, mara ishirini ni bora. Bana kwa jiwe safi ili kila kitu kizame. Mkanda unaochungulia juu ya maji utapata rangi mbili. Badilisha nusu ya maji baada ya siku ya pili au ya tatu, kwa sababu maji ya kwanza ndiyo yanayobeba utomvu mwingi.

Muda? Maji ya vuguvugu ya Moshi mjini, mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari, hayafanani na ya Marangu au ya Arusha iliyo karibu mita 1,400. Mikanda iliyokwanguliwa vizuri inaweza kuwa tayari ndani ya wiki moja wakati wa joto, na ile minene isiyokwanguliwa ikachukua wiki mbili hadi tatu. Mwenye kukupa idadi moja ya siku kwa maeneo yote hajawahi kuloweka sehemu mbili. Pipa likipakwa rangi nyeusi na kuwekwa juani, kazi inakwenda haraka. Unaweza pia kuchota ndoo ya maji ya pipa lililofanya vizuri ukaitia kwenye pipa jipya, bakteria wanaotakiwa watakuwa wameshazoea.

Nitajuaje kwamba umeiva?

Usitegemee kalenda. Kuanzia siku ya tano, kila asubuhi toa mkanda mmoja wa juu na mmoja wa chini ya pipa. Shika ncha, bana kati ya kidole gumba na cha shahada, halafu vuta taratibu. Nyama ikiteleza kama ute na nyuzi zikajitenga zenyewe, umefika. Zikitoka kwa mafungu yaliyoshikana, bado. Kisha chukua uzi mmoja mmoja, uloweshe, uvute kwa mikono miwili. Kama jana ulikukata kidole na leo unaachia kirahisi, umechelewa, toa vyote sasa hivi.

Pua nayo ni kipimo. Harufu ya uchachu ni ya kawaida. Ikigeuka kuwa ya siagi iliyoharibika, bakteria wasiotaka hewa wameshika kazi, ongeza umakini. Harufu ya mayai viza maana yake maji yamechoka, na uzi utabaki na harufu hiyo hata ukiuosha.

Wakati wa shaka, toa mapema. Uzi mgumu unaweza kurudishwa majini au kupikwa kidogo. Uzi uliooza haurudi.

Nyuzi zangu zimetoka nyeusi. Nimekosea wapi?

Karibu kila mara ni chuma. Utomvu wa mgomba, ule unaotia doa kwenye kanga lisilotoka, una tanini. Tanini ikikutana na chuma inafanya rangi nyeusi ya bluu, ambayo zamani watu walitengenezea wino. Wakulima wa juti wa Bengali wana mazoea ya kugandamiza marundo yao kwa mashina ya migomba na matope, na wataalamu wao wamewaonya miaka mingi waache, maana tanini ya mgomba na chuma cha matope huipa juti rangi ya kijivu na kuishusha daraja. Sisi tanini tunayo tayari ndani ya pipa. Kilichobaki ni kuzuia chuma.

Kwa hiyo pipa la bati lenye kutu, hapana. Panga la kukwangulia lenye kutu, hapana. Tumia kisu cha chuma kisichoshika kutu, kipande cha mwanzi au bomba la plastiki lililopasuliwa. Mawe yaliyotoka kwenye udongo mwekundu yasuguliwe kwanza, kwa sababu wekundu huo wenyewe ni chuma. Maji ya mfongo (mfereji wa shambani) wakati wa masika yakiwa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, yaache. Maji ya mvua ya bati jipya au ya bomba ni salama zaidi.

Rangi ya kahawia hafifu si kosa. Ni rangi ya mgomba, na wanunuzi wengi wa vikapu wanaipenda.

Je, magadi yanasaidia?

Yanasaidia sana, na kwa maoni yangu ndiyo njia inayotufaa kuliko zote baada ya kusinga. Okinawa, Japani, wana kitambaa cha asili cha mgomba, na hatua yake muhimu ni kuchemsha magome kwenye maji ya majivu kabla ya kuyakwangua. Majivu ni alkali. Magadi ya Ziwa Natron, yanayouzwa kwa kipimo kwenye masoko yetu kwa ajili ya kulainisha maharage na makande, ni alkali ya namna hiyohiyo.

Nyuzi zilizosingwa mbichi zichemshwe kwenye maji yenye magadi, moto mdogo, zikigeuzwa. Anza na kiasi kidogo na nusu saa, uangalie. Gundi iliyobaki inayeyuka, uzi unakuwa laini na unachanika kuwa mwembamba zaidi. Ukizidisha muda, zinaachia hata zile gundi zinazoshikilia vijiuzi vidogo ndani ya uzi mrefu, na utabaki na pamba fupi isiyosokoteka. Kwa karatasi hilo ni jambo jema. Kwa kamba ni hasara.

Usitumie sufuria ya alumini. Alkali inaila, sufuria inageuka nyeusi na uzi unachafuka. Tumia chungu au sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Magadi ya sokoni yana chumvi na udongo, hivyo yayeyushe kwanza, yaache yatulie, mimina maji ya juu. Mwisho suuza mpaka uzi usiteleze mikononi, na maji ya mwisho yatie ndimu au siki kidogo.

Na kostiki soda?

Inafanya kazi haraka, na inaunguza ngozi na macho haraka vilevile. Ni ya mahali penye glavu, miwani, maji mengi na mtu aliyefundishwa. Si ya uani penye watoto.

Mto uko hatua chache kutoka kihambani, yaani shamba la migomba la nyumbani. Kwa nini nisizamishe mle?

Kwa sababu chini yako kuna mtu anakunywa. Bakteria wanaokula pektini wanamaliza hewa ndani ya maji, samaki wanakufa, na mfongo unabeba uvundo mpaka kwa majirani wa chini. Ndicho kilichoufunga mto Lys. Hapa kwetu pia sheria ipo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto dhidi ya shughuli zinazoweza kuuharibu, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayemwaga majitaka kwenye chanzo cha maji. Kwa mito ya Kilimanjaro na Meru inayoelekea Pangani, wa kuwauliza ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ofisi iko Moshi.

Maji ya pipa yaache siku kadhaa kwenye shimo wazi, yachanganye na maji safi, kisha yamwagie migomba yenyewe au mboji. Yana potasiamu, na mgomba unaipenda potasiamu. Yale ya magadi yasiende shambani kila mara, chumvi yake inaharibu udongo.

Mashine ya kusinga inafaa kwa kikundi kidogo?

Inafaa kama mashina yapo kila wiki. Kanuni yake ni ileile ya korona ya mkonge, ngoma inayozunguka ikiwa na vipande butu vinavyopiga nyama na kuacha uzi, isipokuwa ya mgomba ni ndogo na hulishwa gome moja moja kwa mkono. Kabla ya kuagiza nje, fika SIDO (shirika la viwanda vidogo) au CAMARTEC (kituo cha zana za kilimo) Arusha uulize kama wanaweza kutengeneza au kukarabati. Mashine isiyo na fundi wa karibu inageuka kuwa kiota cha kuku. Nafasi kati ya ngoma na ubao ndiyo inayoamua ubora: ikiwa pana, uzi unatoka na nyama, ikiwa finyu, unakatika. Na mkono wa mlishaji usiwe na pete, bangili wala mkono mrefu wa nguo.

Nitapata uzi kiasi gani?

Kadiria kilo moja ya uzi mkavu kwa kila kilo 100 za shina bichi, na mara nyingi pungufu. Mkonge wenyewe, mfalme wa nyuzi hapa nchini, unatoa kama kilo nne tu kwa kilo 100 za majani. Atakayekuahidi zaidi kwa mgomba anauza mashine.

Ng'ombe wangu atakula nini?

Swali zuri kuliko yote, na wataalamu wageni hulisahau. Kihambani shina la mgomba lina mwenyewe tayari: ng'ombe wa ndani, na udongo unaotaka kufunikwa. Usichukue magome yote. Moyo wa shina na magome ya ndani yana uzi dhaifu hata hivyo, yaende zizini. Makapi ya kukwangua nayo, yakiwa mabichi na safi, yarudi shambani. Kiangazi kikali, ng'ombe kwanza, uzi baadaye.

Kuna aina ya mgomba iliyo bora?

Chagua shina nene na refu lililotoka kuzaa, iwe mshare au aina nyingine. Tofauti kati ya gome la nje na la ndani la shina moja ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, hivyo kutenganisha magome kunalipa kuliko kutafuta mbegu maalumu. Mgomba uliougua usiuguse kwa kazi hii. Mnyauko wa bakteria, ambao umewatesa sana wakulima wa Kagera, unasafiri kwenye panga. Babua panga kwa moto au lifute kwa jiki unapohama kihamba kimoja kwenda kingine.

Kwa nini nisilime tu bangi ya nyuzi, kama inalipa Ulaya?

Kwa sababu utakamatwa. Ulaya inaruhusu aina zenye kilevi kisichozidi asilimia 0.3, chini ya leseni na mbegu zilizosajiliwa. Kwetu, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kilimo cha bangi, na mmea wenyewe ni uleule. Maelezo kwamba unataka kamba hayatakufikisha mbali.

Nikaushe na kuhifadhi vipi?

Anika kwenye kamba ya nailoni, si waya, si chini. Tandaza nyembamba na uzichane kwa vidole zikiwa bado na unyevu, maana zikikauka zimesokotana hazifunguki. Jua la asubuhi linatosha, na penye upepo kivuli kinafanya kazi nzuri. Funga vitita pale tu uzi unapolia kavu ukiuminya. Wakati wa masika usifunge kwenye mfuko wa plastiki, kuvu wataingia na kazi yote ya pipa itapotea ghalani.

Mnunuzi anaangalia nini kwanza?

Mwenye karakana ya vikapu na vivuli vya taa ataangalia urefu na rangi moja, hatajali sana ugumu. Msokotaji atachukua uzi kidogo, ataupinda na kuuvuta, atausugua shavuni. Mtengeneza karatasi hajali urefu, anataka usafi na bei. Peleka vitita vitatu vilivyotenganishwa, cha nje, cha katikati na cha ndani, na kila kimoja kiwe na karatasi inayosema kilisingwa, kililowekwa siku ngapi, au kilipikwa kwa magadi. Akirudi kuagiza tena, utajua ni kitita kipi cha kurudia.